Kufumua

Daktari Obuya ni kijana, ana mkono mwepesi wa kuchora.
Alichora mshipa wangu nyuma ya karatasi ya maabara,
akajaza ndani vitu vyenye umbo la panda ya manati.
"Hizi, mama, ndizo kingamwili zako."
Nikacheka hadi nesi akachungulia.
Askari wote hao, kila mmoja na manati yake,
na shabaha waliyoiona ni vifundo vya vidole vyangu!

Mimi ni mfumaji sweta, Kaptembwo, nyuma ya kinu cha posho.
Miaka ishirini na sita nimevisha watoto wa Nakuru
rangi walizopenda walimu wao wakuu.
Akija mwalimu mkuu mpya, rangi hubadilika,
na sweta arobaini za maruni hunirudia na gunia lake.
Silii. Natafuta ncha ya uzi, navuta.
Sweta hukimbia kinyumenyume: kola, kwapa, kiuno, pindo,
mpaka libaki donge,
na donge si aibu.

Kwa hiyo aliposema mwili nao hufumua,
nilivuta kiti karibu.

Akasema kingamwili haikai milele.
Kuta za mishipa huinywa, tone kwa tone,
huitia katika kifuko kichachu kama mursik iliyosahaulika.
Humo mna mlinzi.
Amshikaye, humrudisha kwenye mto wa damu.
Asiyemwahi, hutumbukia shimoni, akakatwakatwa
vipande, na vipande vya vipande,
hadi asijulikane kama aliwahi kuwa askari.

"Na mlinzi huyo hamjui mwema na muasi?"
"Hamjui. Hushika mkia tu. Uso hauoni."

Nikanyamaza. Walinzi wa aina hiyo nimewahi kukutana nao.

Kwa mtu mzima wa afya, wiki tatu hivi, ndiyo maisha ya askari.
Kwangu wamefurika, mikono ya mlinzi haitoshi,
wengi wanamponyoka kabla ya siku zao
na shimo linawaka mchana, linawaka usiku.
Basi, daktari, mbona siponi?
Kama wanakufa hivyo, mbona asubuhi siwezi kufungua bomba,
mbona kifungo cha blauzi ni mlima,
mbona Jebiwott, mwanafunzi wangu, ndiye anifunguliaye thamosi?

Obuya akaweka kalamu chini.
"Kwa sababu kuna fundi mwingine ndani, mama.
Huku wanafumua, yeye anafuma. Na halali."

Huyo namfahamu.
Nilikuwa yeye kila Januari, shule zikikaribia kufunguliwa,
taa ya chemli, macho mekundu, mashine ikienda kwaa, kwaa,
na sikuwahi kuuliza sweta hizo ni za nani.

Sasa kila Ijumaa namhonga vidonge sita vya manjano
apunguze mwendo. Siku nyingine anapokea.
Siku nyingine anachukua na haachi kazi.

Uzi uliofumuliwa hukumbuka.
Hubaki na mawimbi ya kila kitanzi ulikopita;
Jebiwott huutundika juu ya birika linalochemka
mpaka usahau, ukanyooka,
ndipo aanze kofia ya mtoto mchanga.

Jioni hunikata kucha, maana mkasi umenikataa.
Vipande vinadondoka juu ya gazeti la juzi.
Daktari alisema makombo ya shimoni hayatupwi:
huingia tena kazini, yakawa ngozi, yakawa unywele, yakawa ukucha.
Nakiokota kimoja, chepesi kama ganda la kitunguu.
Huenda mwezi uliopita wewe ulikuwa na manati.

"Usitupe kwanza," namwambia.
Anadhani nimechoka. Anakunja gazeti polepole,
ananikumbusha kwamba kesho
kuna sweta kumi na moja za kufumua.